Kiboko wa Mkange na Kanzu ya Rajabu

Jumanne, mwezi 4 Mfunguo Tano, 1304
Gazeti la Unguja limefika Bagamoyo. Jina la jirani yangu Mwinyijuma limo tena! Mara ya tatu! Ameandika habari za mbuzi wa miguu mitano. Mimi, ninayewaandikia barua mtaa mzima, sijachapwa hata neno. Chakula cha mchana nimekiacha.

Alhamisi, mwezi 6
Riziki hiyo! Rafiki yangu Rajabu amekuja kutoka Mkange, kifua wazi. Alitundika kanzu yake mtini apalilie mahindi. Kiboko akatoka mto Wami, akapita nayo kichwani mpaka majini. Tumecheka mpaka machozi. Nikashika kalamu. Lakini kanzu ni habari gani mbele ya mbuzi wa miguu mitano? Nikaandika kuwa kiboko amemchukua Rajabu. Amemchukua tu. Sikusema amekufa.

Ijumaa, mwezi 14
Nimechapwa! Huko Unguja wametia chumvi yao: viboko wawili, mbavu zimevunjika, mazishi ya watu mia. Jina langu wamelipatia sawasawa. Mwinyijuma amenipita bila salamu. Rajabu alipotokea sokoni, muuza tende alikimbia akisoma Ayatul Kursiyu.

Jumatano, mwezi 19
Barua kutoka Unguja, nimemsomea Rajabu mwenyewe. Mama yake, Bi Mwaija, anakaa huko huko Unguja, mtaa wa Ng'ambo. Gazeti lilisomwa barazani kwake. Mwanawe amesaliwa kama maiti wa mbali, naye ameketi matanga. Kanzu alizomshonea amezitoa sadaka. Hataki kula. Rajabu amepanda chombo leo hii. Nilitaka kuwaandikia wenye gazeti kwamba yu hai. Mwinyijuma angenicheka mwaka mzima! Nikasema ningoje kidogo.

Alhamisi, mwezi 27
Rajabu amerudi. Alimkuta Bi Mwaija amezikwa siku mbili nyuma. Amekaa barazani kwangu, gazeti mkononi. Hajui kusoma. Akaniomba nimsomee nilichoandika, neno kwa neno. Nikasoma: kiboko amechukua kanzu ya Rajabu. Akashusha pumzi. Akasema basi aliyemsomea mama ndiye aliyekosea, Mungu amsamehe. Nikaitikia amina. Alipoondoka nililia sana. Utotoni Bi Mwaija alikuwa akinitilia visheti mfukoni, akisema mimi na Rajabu ni wanawe sawa. Nina aibu hata ya kivuli changu.

Jumamosi, mwezi 29
Rajabu ameomba mama yake atajwe gazetini. Jina lake tu, watu wamwombee. Nimeapa mbele yake: kweli tupu. Nimeandika jina. Nimeandika amefariki. Nikatazama karatasi. Pakavu mno! Wazee wanakufa kila siku, nani atachapa hiyo? Nikaongeza kuwa alikuwa na miaka mia na ishirini, meno yote kinywani. Na kwamba siku ya maziko yake kiboko aliibuka pwani ya Unguja, amevaa kanzu.