Bodi ya Mwalimu, Lenzi ya Fundi Cherehani

Jumatatu, 3 Machi

Mtoto kaamka saa kumi na moja alfajiri. Mimi nikaamka na wazo. Yeye kalala tena, wazo likakataa.

Nitapiga mwenyewe picha za harusi ya wifi! Ni Jumamosi hii. Wifi alishakubaliana na Bwana Flashi wa studio ya kona, yule anayewaamuru maharusi wainue kidevu mpaka wafanane na kuku wanaokunywa maji. Nimempigia wifi, nikamwambia amwache. Mtu baki atajuaje kwamba wifi yangu akicheka huziba meno kwa mkono? Kauliza kama nina kamera. Nikamuuliza, wifi, unaniamini au huniamini? Kasema ananiamini, ila hizo ndizo picha atakazowaonyesha wanawe, nisimwangushe.

Nimwangushe mimi!

Mume wangu kanikumbusha kwamba kamera ya simu yangu ina ufa, na kila niliyempiga mwaka huu ana kovu usoni. Nimemjibu kuwa ndiyo maana nahamia kwenye kamera ya kweli. Kaendelea kupiga pasi shati lake. Wivu.

Jumanne, 4 Machi

Nimesoma kutwa nzima, mtoto kifuani, simu mkononi. Sasa namzidi Bwana Flashi.

Kamera zina koo na koo, kama watu. Kuna zenye kioo ndani: kubwa, nzito kama ndoo ya maji, betri haziishi. Kuna zisizo na kioo: nyepesi, zinatafuta macho ya mtu zenyewe, ila zinamaliza betri kama mwanangu anavyomaliza uji. Na kuna zile ndogo ambazo lenzi haitoki. Hizo ni za wasafiri wavivu. Inayofaa harusi haifai ndege, inayofaa ndege haifai mtoto anayetambaa. Na wataalamu wote wanaimba wimbo mmoja: chagua mfumo mmoja, bodi, yaani kiwiliwili cha kamera, na lenzi ziwe za ukoo mmoja, utulie hapo.

Nimechora jedwali nyuma ya kadi ya kliniki. Bodi bora kwa harusi: isiyo na kioo, ya kampuni moja. Lenzi bora kwa nyuso: ya zile zenye kioo, ya kampuni nyingine kabisa. Basi nachukua hii na ile! Inakuwaje wataalamu wote hao hawakuliona? Labda hawajawahi kulea.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya ushindi.

Mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili kaniazima bodi yake isiyo na kioo. Alitaka kunipa na lenzi yake, kidude cha kawaida tu. Kasema zimezoeana. Nikairudisha mezani kwa heshima zote. Nikamwambia asihangaike, mwalimu wangu, ya kwangu iko njiani. Kanitazama kama alivyokuwa akitutazama tuliokaa nyuma darasani.

Lenzi nimeipata kwa fundi cherehani, chumba cha mwisho kwenye korido. Kaka yake aliisahau kwake, naye anaiweka juu ya vitambaa visipeperuke. Ile ile ya jedwali langu! Fundi ni mjamzito wa miezi saba. Tumebadilishana: lenzi kwangu, kigari cha mtoto kwake. Kauliza mara tatu kama nina hakika. Nimerudi mtoto mgongoni, lenzi kifuani. Nimekaa sawia kama mizani.

Alhamisi, 6 Machi

Haiingii.

Nimezungusha kulia. Nimezungusha kushoto. Nimepaka mafuta ya mtoto. Mdomo wa lenzi una meno matatu, mdomo wa bodi una meno matatu, na hayasalimiani.

Mama mkwe kapita kumwona mjukuu. Kauliza kama nimejaribu mfuniko wa sufuria. Nimemwandalia chai kwa adabu, bila biskuti.

Nimekwenda kwa Bwana Flashi kuuliza kwa niaba ya rafiki yangu mmoja. Kasema ipo pete ya kuunganishia, yeye anayo, na huyo rafiki yangu aje tu aichukue, amwache mtoto nyumbani maana anazivuta nyaya. Nikamwambia rafiki yangu haombi. Nimetoka kichwa juu.

Halafu, wakati nambadilisha mtoto, nikaona! Vibandiko vya nepi. Vinabeba mzigo ule wa asubuhi bila kulegea, vitashindwa na lenzi? Nimekata kumi na viwili. Imeshika. Kamera ilisusa kwanza, ikadai haioni lenzi. Nikachimba kwenye menyu mpaka nikapata pa kuiamuru ipige hata kama haioni. Imetii. Mwanangu pia ataujua ukali huu, siku yake ikifika.

Jumamosi, 8 Machi

Harusi.

Nimefika na nguo ya kijani, mtoto mgongoni, mfuko wa nepi begani. Bwana Flashi alikuwapo tayari, kamera mbili shingoni. Kasema kaalikwa. Nimefurahi, na yeye ajifunze kwa macho.

Nimewapanga wakwe safu mbili, wakapangika. Joto la ukumbi likaanza kulainisha gundi. Lenzi ikainamisha kichwa, mwanga ukawa unaingia ubavuni. Nikaishikilia kwa mkono wa kushoto, nikipiga kwa wa kulia, huku nikichezesha mguu mtoto asilie. Mjomba wa bwana harusi kauliza kama ile kamera inapiga picha au inanyonyeshwa. Watu wakaangua kicheko. Nikawapiga wakiwa wanacheka.

Wifi kapita karibu, kanibana mkono. Kauliza kwa sauti ndogo, zinatoka? Nikamwambia atulie. Macho yake yalikwenda kwa Bwana Flashi. Hilo nimelipuuza.

Jumapili, 9 Machi

Nimezifungua. Picha mia mbili na kumi. Ukungu. Ukungu wenye vazi jeupe. Ukungu wa wakwe, safu mbili. Nimekaa sakafuni na mtoto, nikaendelea kuzipitia moja moja.

Ya mia mbili na nane ndiyo iliyotoka. Wifi anacheka, mkono haujafika mdomoni. Meno yote, macho yote, wazi kama ukimgusa atageuka. Pembeni yake dunia nzima imeyeyuka, na ule mwanga wa ubavuni umemzunguka kichwa.

Mume wangu kaitazama sana. Huyo ni dada yake. Kaweka pasi chini.

Jumatatu, 10 Machi

Wifi kaja na albamu. Imejaa tayari! Videvu juu, mwanzo hadi mwisho. Kumbe alimrudia Bwana Flashi tangu Alhamisi. Mama mkwe ndiye aliyempigia wifi simu, kumpa habari ya lenzi isiyoingia na mfuniko wa sufuria. Wifi kaomba radhi huku machozi yanamlengalenga. Nikampa yangu moja, niliyoichapisha asubuhi.

Kaziba mdomo kwa mkono, kisha kautoa mkono. Kachomoa picha ya ukurasa wa kwanza, kaipachika yangu. Kasema wanawe wataanzia hapo.

Tuangalie sasa: Bwana Flashi kahitaji kurasa arobaini. Mimi moja.

Jumanne, 11 Machi

Mwalimu kaja kuchukua bodi yake. Kaiona picha kwenye kioo cha kamera, kavua miwani, kavaa tena. Kasema niendelee kukaa nayo, na lenzi yake kaileta, hii hapa, naomba uichukue, binti yangu, inaingia yenyewe. Nimemshukuru, nikamrudishia mfukoni.

Maana sasa naingia kwenye kupiga picha za ndege. Kuna weupe wawili wanatua juu ya tangi la maji mkabala na dirisha, na jedwali linataka lenzi ndefu. Nimeshaipata! Mlinzi wa ghala anayo, naye mkewe kajifungua wiki iliyopita. Nimempa kitanda cha mtoto. Wangu hakitumii, hulala juu ya kifua changu, na sitaki aache.

Ni ya kampuni ya tatu. Ina meno manne.

Nepi ninazo.