Malalamiko Dhidi ya Daftari la Mama Yustina

Masjala, Dirisha Namba 4

Ndugu Mganga Mfawidhi,

YAH: DAFTARI LA MAMA YUSTINA LIPIGWE MARUFUKU

Shikamoo, ingawa umri nimekuzidi, nasalimia cheo. Kwa miaka kumi na minne nimetunza kumbukumbu za wagonjwa hapa bila kulalamikiwa na mtu yeyote, isipokuwa wagonjwa. Sasa amejitokeza Mama Yustina, fundi cherehani wa Tandika, mwenye kaunta buku la vipimo vya wateja ambamo huandika pia matibabu yote ya mwanawe. Daftari hilo linanidhalilisha, kwa sababu hizi:

1. Yustina alizaliwa na mpasuko wa mdomo na wa kaakaa. Tarehe 11 Machi mwaka jana nilimpa namba ya ugonjwa Q36, ambayo ni ya mdomo peke yake. Ya mdomo pamoja na kaakaa ni Q37, lakini kwenye orodha niliyobandika mezani mstari huo umefunikwa na doa la chai tangu 2019, na mimi si mtu wa kubahatisha. Mama aliandika vyote viwili. Nani alimtuma?

2. Niliandika kwamba mdomo umepasuka kushoto. Ni kweli, kushoto kwangu, maana mtoto alikuwa amenielekea. Mama aliandika kulia, eti mafundi huandika upande wa anayevaa, si wa anayetazama. Tarehe 2 Juni, siku ya kushona mdomo, daktari alisoma faili langu, akamtazama mtoto, akasoma tena, kisha akaomba daftari la fundi cherehani. Mbele ya wauguzi! Napendekeza watoto waletwe dirishani wakiwa wamenipa mgongo. Midomo sitaiona, lakini pande zitalingana.

3. Mdomo ulipopona niliandika "amemaliza matibabu" nikafunga faili, kwa kuwa Q36 haina kaakaa. Tarehe 19 Agosti mwaka huu Mama akaja kumnywesha mwanawe uji mbele yangu. Uji ukatokea puani, ukamwagikia rejista. Ieleweke kwamba kwa mujibu wa kumbukumbu zetu uji ule haukupita puani.

4. Jumatatu ijayo wanakuja madaktari wa kushona makaakaa, na asiye na namba sahihi haingii kwenye orodha yao. Mama anataka nibadili namba. Mtoto ana miezi kumi na tisa, na kila akijaribu kusema "baba" pumzi inapitia puani, linatoka "mama". Nimemsikia mwenyewe, na iliniuma. Lakini nikisahihisha faili hili moja, itabidi nifungue mafaili yote ya tangu doa la chai, na sijui humo kuna watoto wangapi.

Hivyo naomba daftari lizuiwe getini. Ikishindikana, mafundi cherehani wote wa Temeke wakatazwe kujifungulia hapa. Ikishindikana na hilo, nihamishiwe mochwari, ambako wateja hawaji na madaftari.

Naiacha heshima yangu, kiasi kilichobaki, mikononi mwako. Nisalimie Muuguzi Jenipher, wote wa maabara, na mlinzi Mudathir ambaye kazi yake itaongezeka.

Wako mtiifu,
Adelard,
Mtunza Kumbukumbu Mwandamizi

Nyongeza: Huenda umeshangaa tarehe zangu zilivyo kamili. Faili la Yustina halina tarehe hata moja; zote nimezinakili kutoka kwenye daftari la mama yake, aliloniazima jana bila kinyongo. Nilipokuwa nalo mkononi nikafungua faili, nikaandika Q37, nikaandika kulia, na Yustina sasa ni wa kwanza kwenye orodha ya Jumatatu. Barua hii naye ameipitia, akarekebisha hoja ya pili. Kwa hiyo tafadhali usilizuie daftari kwanza. Tunafungua mafaili ya zamani, mimi nasoma, yeye anaandika na kuwapigia wazazi simu. Tumefika 2021 na tumepata watoto sita. Mmoja ameshaanza darasa la kwanza, na uji bado unamtokea puani.