Kichwa cha Mtani Wangu Castory

Jumatatu, 9 Juni
Siku imeanza vizuri! Jirani yangu Castory kaanguka kutoka kwenye kichanja cha mzabibu wake, kichwa kikatangulia. Yeye Mhehe, mimi Mgogo, watani tangu enzi za mababu. Nikacheka, mila inanidai. Naye akiwa bado chini akanijibu nisisogee, leo hana cha kumpa ombaomba wa Kigogo.

Jioni akaja mpwa wangu Evelina, anayesoma chuo kule Chimwaga. Wanatafuta vichwa! Wametengeneza kofia inayopitisha kichwani mawimbi ya maikrowevu, ndugu wa yale yanayopasha wali moto, ila dhaifu mno. Damu ikivujia kwenye ubongo, mawimbi hutoka yamebadilika, na kompyuta iliyofundishwa kwa vichwa vingi hugundua. Sasa wanahitaji vichwa vizima vya kuifundishia zaidi.

Mpango ukanijia palepale. Nitampeleka Castory. Kofia haitakuta kitu mle ndani. Nitaomba picha, niibandike kijiweni kwa muuza kahawa.

Evelina akauliza kama kuna aliyeumia kichwa karibuni. Nikasema hakuna. Mhehe kuanguka si kuumia.

Jumatano, 11 Juni
Castory anadai kichwa kinamuuma. Nikamwambia pasipo kitu hapaumi. Badala ya kunitukana, akaniita Anyitike, ambaye ni shemeji yake wa Mbeya. Kisha akamimina chai pembeni ya kikombe. Uigizaji wa hali ya juu! Nikapiga makofi.

Mke wangu Anjelina akasema mbona mtu huyu haonekani mzima. Nikamjibu kuwa yeye ni Mhaya, mambo haya hayajui.

Alhamisi, 12 Juni
Chimwaga. Nimepaka nywele piko ili nami nipendeze kwenye kompyuta. Wakaniweka kwanza. Kofia ina vidude vya baridi pande zote, ukiketi humo unajiona embe kwenye tenga. Nikauliza kama nitaiva. Evelina akasema, mjomba, tulia. Matokeo: kawaida. Kawaida! Hata neno moja la pongezi.

Zamu ya Castory. Evelina akatazama kompyuta. Akarudia kipimo. Akamwita mwalimu wake. Akasema mashine bado inajifunza, haijawa daktari, lakini huyu aende hospitali sasa hivi akapigwe picha ya CT.

Nikacheka hadi nikashika ukuta. Nikamuuliza Evelina Wahehe wamemhonga nini, mtoto wa dada yangu mwenyewe.

Wakampakia garini. Nikamwinamia Castory dirishani, nikampa tusi langu zuri kuliko yote, lile la Wahehe kula mbwa. Nikasubiri.

Hakujibu.

Hapo ndipo nilipoacha kucheka. Nikaingia garini bila kualikwa. Njia nzima namtukana taratibu sikioni, labda moja litamwamsha.

Jumamosi, 14 Juni
Damu ilikuwepo kweli. Wamemfungua, wameitoa. Evelina kanikalisha kwenye benchi la hospitali kama mwanafunzi mtukutu. Kasema, kwa heshima zote mjomba, mtu akiangukia kichwa, kikamuuma, akapotewa na majina, hangojeshwi kofia, anakimbizwa hospitali. Nimesikia. Nimeelewa sana.

Castory kafumbua macho, kaniona, kamuuliza nesi ni nani kamruhusu Mgogo wodini, maana uji wake hautoshi wawili. Nikatoka nje kidogo. Vumbi la Dodoma linaingia hadi wodini, linaumiza macho.

Kijiweni nimewaeleza kwamba aliyegundua ugonjwa ni mimi. Kofia ilithibitisha tu.

Jumapili, 29 Juni
Castory karudi nyumbani. Kipara, na kovu refu kama reli ya kati. Nikaenda kumjulia hali. Akaniambia nisikalie kile kiti cha pembeni, mguu wake umelegea. Ha! Utani wa kitoto. Nikakikalia kwa madaha.

Ukuta wa Mhehe ni mgumu, kisogo changu kinakiri.

Castory akasema niende hospitali. Anjelina akasema vilevile. Evelina naye, kwa simu. Wamepanga wote! Kichwa kinagonga kidogo tu, kama mgeni mwenye adabu anayepiga hodi. Mgogo hanaswi kirahisi hivyo. Naandika haya chooni kwangu, mlango nimeufunga kwa ndani.

Nje gari limesimama. Castory anagonga mlango. Ananiita Batholomeo, jina langu kamili, ananisihi nitoke. Hana tusi hata moja!

Mwigizaji hodari, mtu huyu.