Maneno Kumi ya Kumwangusha Madamu Otuwa

Jumatatu, 9 Juni

Mvua tena. Darasa langu la pili linavuja kama chujio. Safu ya mbele wameandika huku wameshika miavuli. Jengo jipya limekwisha, na chumba cha darasa la pili ni kimoja tu. Tunakitaka wawili: mimi na Madamu Otuwa wa mkondo wa pili. Mwalimu mkuu, Mzee Bentil, ameamua: Ijumaa watoto washindane kuandika maneno ya Kiingereza kwa imla, na kila mwalimu achague maneno kumi ya kuwapa watoto wa mwenzake. Wa mwenzake! Mzee hajui amemkabidhi nani panga.

Jumanne, 10 Juni

Nimepekua vitabu vyote. Mepesi mno! Jioni sokoni Mankessim, nikinunua kenkey, yale madonge ya unga wa mahindi, jicho likatua ukutani. Matangazo ya misiba, yamebandikwa mpaka yanafunikana. Marehemu. Wafiwa. Mjane. Yote kwa Kiingereza kirefu cha watu wazima! Nikanakili kumi palepale. Mama wa kenkey akanipa pole, akauliza nani kafariki. Nikamwambia bado, ni Ijumaa.

Jumatano, 11 Juni

Otuwa naye lazima analeta ya kuua. Nimewakaririsha wangu "katiba" na "bunge" mpaka sauti zikawakauka. Barazani Otuwa akaniuliza, kwa upole kabisa, kama watoto wangu wameshajua kuandika vyombo vya jikoni. Nikacheka mpaka nikapaliwa. Anadhani nitaingia mtego wa kitoto namna hiyo!

Ijumaa, 13 Juni

Aibu. Nimesoma maneno yangu kwa sauti ya jaji. Watoto wa Otuwa hawakukuna hata kichwa. Karibu wote, kumi kwa kumi! Mzee Bentil akauliza wamejulia wapi. Katoto kamoja, Tawia, kakasimama: "Si yapo kwenye kuta zote, Mzee? Hata kwenye fulana ya msiba wa bibi." Kweli, hapa kwetu kila Jumamosi ni msiba, na kila mtoto yumo. Hata wangu, waliokaa nyuma, walikuwa wananong'ona majibu. Sahihi yote!

Kisha zamu ya wangu, Otuwa akasoma yake. Kijiko. Sahani. Sufuria. Wakanitazama kama nimewauza. Efua, anayekaa chini ya tundu kubwa la paa, akalia. Nikaumia sana. Chumba kimekwenda.

Jumatatu, 16 Juni

Sikati tamaa! Nimemlilia Mzee Bentil, amekubali marudiano mwisho wa muhula. Vyombo vya jikoni sifundishi. Otuwa hawezi kurudia hila moja. Na kosa langu nimelijua: ukuta hautembei, hata mtoto ana muda wa kuusoma. Safari hii nachukua maandishi ya nyuma ya magari ya abiria. Yanakwenda mbio, nani atayawahi? Nimeshanakili saba kwa raha zangu, nimesimama langoni mwa shule pamoja na watoto wa Otuwa, maana foleni ya magari haijasogea asubuhi nzima.