Uzi wa Tisa

Jumatatu, 9 Juni
Ukungu mji mzima wa Curitiba. Programu ya kamera zetu za mlangoni ina nyuzi nane, yaani kazi nane zinazokwenda kwa pamoja. Kila uzi lazima uvishwe kichujio cha kuukataza kugusa maikrofoni. Nimezivisha zote kwa mkupuo. Nikahesabu. Tisa! Wa tisa ulizaliwa ndani ya kiini cha mfumo wakati navisha wenzake, ukapita bila kichujio. Uko huru kusikiliza nyumba za watu. Alhamisi mteja anakuja kukagua. Nikifaulu, bosi Ademir ananipa mkataba wa kudumu. Nikishindwa, narudi kwa mama, mjini Ponta Grossa.

Jumanne, 10 Juni
Nimeongeza mstari kwenye programu, wa kuandika jina la kila uzi, niuone huo wa tisa. Umetoweka! Nikafuta mstari. Umerudi. Nikaurudisha mstari. Hakuna kitu. Unajua ukitazamwa.
Jussara wa meza ya jirani kanicheka. “Kaka Everaldo, acha uchawi, tia kufuli uzi mpya usizaliwe ukivisha! Mimi nikizungusha kibuyu cha chai ya chimarrão nafunga mlango kwanza. Nahesabu watu, wote wanywe, ndiyo nafungua. Wewe unagawa mlango uko wazi!” Nikamjibu kwamba kufuli linapunguza kasi. Ukweli ni kwamba sijui kulifunga.

Jumatano, 11 Juni
Ademir kaamuru mstari wangu uondolewe, unajaza kumbukumbu za kamera. Sawa! Nimeweka subira ya sekunde moja kabla ya kuvisha, badala yake. Nimejaribu mara kumi: nane, nane, nane. Mimi ni fundi!
Ila kiraka, yaani rekebisho la programu, hakipokelewi bila jina la mtu wa pili aliyekisoma. Jumatano ni siku ya maharage ya feijoada, ofisi nzima imeshuka kula. Nikaandika jina la Jussara. Nilikuwa peke yangu, lakini kila niliponyamaza niliona kama kuna mtu naye kanyamaza. Kamera ya majaribio iliyo mezani ikawasha taa nyekundu. Yenyewe. Nikaifunika kwa sahani.

Alhamisi, 12 Juni
Dona Zuleide, mteja, kaja na wanasheria wawili. Ademir akajigamba kwamba kamera haina sauti hata moja, akafungua hifadhi ya ile kamera ya mezani kumwonyesha. Sauti moja. Akaibonyeza.
Pumzi kwanza. Ndefu, karibu kabisa na sikio. Kisha mtu anajisemea polepole: “Jina la Jussara naliandika mwenyewe. Yule yuko kwenye maharage, atajuaje?” Ni mimi.
Dona Zuleide kauliza kama na nyumbani kwake imesikiliza. Niliona aibu hadi miguuni.

Ijumaa, 13 Juni
Nimefukuzwa. Jussara kaweka kufuli. Majaribio elfu kumi, nane tupu. Bahati yake!
Kuna nafasi ya kazi benki moja hapa mjini, kitengo cha usalama. Nimeshaomba. Wanataka mdhamini wa kuthibitisha uaminifu wangu. Nimemwandika Jussara, na barua yake nzuri ya kunisifu nimeshamaliza kuiandika mwenyewe.