Undugu Nilioletewa na Kijiko cha Daktari

Nshamba, Bukoba
14 Machi 1954

Bwana Mhariri,

Naandika nikiwa nimesimama, maana mgongo wangu bado haujaniruhusu kuketi. Naomba nafasi katika gazeti lako nikishtaki kijiko.

Ni kijiko kidogo cha chuma, mpini mrefu, ukingo mkali. Daktari wa hospitali moja nisiyoitaja hukitumia kukwangulia mifupa ya mgongo iliyooza, na mafuvu ya watu pia. Mgongo wangu kimeukwangua vizuri; hilo silalamikii. Nalalamikia haya:

1. Dresa Projestus, mfunga vidonda wa hospitali na mtu wa maneno mengi, alinieleza kwa majivuno kwamba kijiko hicho ni kimoja tu jimboni, na kabla yangu kilimkwangua Rugemalira. Huyu ni jirani yangu ambaye, nilipokuwa wodini, alihamisha mimea ya mpaka akameza migomba yangu tisa. Sasa Wahaya wenzangu wanajua: damu zikikutana, huo ni omukago, undugu wa kuchanjiana, na ndugu wa omukago hawashtakiani. Wengine huchanjwa kitovuni wakatafuna kahawa iliyochovywa damu. Mimi nimechanjwa uti wa mgongo, usingizini, bila hata punje moja!

2. Projestus ananituliza eti kijiko huchemshwa. Kahawa yetu ya kutafuna nayo huchemshwa, wala sijasikia undugu uliopungua kwa ajili ya moto.

3. Alhamisi iliyopita, barazani, Rugemalira alinikumbatia mbele ya wazee, akaulizia mgongo wangu kwa majonzi, kisha akauliza tangu lini mtu akaishtaki damu yake. Wazee wakaguna. Kesi yangu ya migomba ikaahirishwa hadi Alhamisi ijayo, na migomba inazaa kwake.

4. Kijiko hichohicho kilimtoa vipande vya mfupa kichwani Bwana Mkaguzi wa Barabara, Mzungu aliyeanguka na pikipiki karibu na Muleba. Nikajikongoja na mkungu wa ndizi hadi nyumbani kwake kumjulia hali ndugu yangu. Mpishi wake akaniambia nizungukie nyuma. Wodi mbili, milango miwili, kijiko kimoja: undugu gani huu wa kupitia jikoni?

Kwa hiyo naiomba Serikali iuvunje undugu huu kabla ya Alhamisi ijayo, au kila mgonjwa apewe kijiko chake.

Wasalimie wachapaji wako, na yeyote aliyewahi kukwanguliwa, kwani huenda ni ndugu yangu.

Ndimi mtiifu wako, mwenye ndugu wengi kuliko aliozaliwa nao,
Ildefons Mushumbusi

Nyongeza: Mke wangu Klaudia ameisoma barua hii akaniita mjinga: ndugu wa omukago hanyimwi aombacho! Nimekwenda kwa Rugemalira kuiomba migomba yangu kindugu, pamoja na mbuzi wake mmoja. Ameruka kama aliyekanyaga siafu, na asubuhi hii ameondoka kwenda Bukoba kumwomba daktari cheti kwamba vijiko ni viwili. Tafadhali, Bwana Mhariri, yaache yote niliyoandika, uchape mstari huu tu, kwa herufi kubwa: kijiko ni kimoja.