Sasa Tunamwona Kila Anayebonyeza

(Ukumbi wa mikutano, Kamina, saa tano na dakika ishirini. Ofisa aliyepangwa kuanza saa mbili asubuhi anapanda jukwaani na sakoshi yake, mkoba wa mihuri, anagonga kipaza sauti mara tatu.)

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mamlaka, ambaye leo kiti chake kitupu kinatosha kumwakilisha. Waheshimiwa Wabunge wa jimbo, mliofika na mliotuma udhuru. Makamanda mliotoka Base ya jeshi pamoja na bibi zenu. Baba Wachungaji na Baba Mapadri. Wazee wa reli, mliotumikia treni hata miaka ambayo treni haikuwatumikia ninyi. Mama zangu wauza samaki wa Kinkondja, ambao harufu ya kazi yenu imetangulia kuingia. Wageni wote kwa vyeo na madaraja yenu, protokoli ikiwa imezingatiwa, na pale isipozingatiwa ihesabike kuwa imezingatiwa:

Mimi, Badibanga Ngondo, Mratibu wa Muda wa Divisheni ya Dijitali, cheo cha muda ninachokishika mwaka wa tisa sasa bila kuyumba (makofi, hasa kutoka kwa shemeji yake aliyeketi kiti cha mbele), nina heshima isiyopimika kuwatangazia kwamba, baada ya semina nne, misheni mbili za kikazi Lubumbashi na mashauriano ya kina yaliyofanyika mahali penye kiyoyozi, Divisheni yangu imeachana rasmi na mfumo wa kizamani wa kuhesabu wageni wa tovuti yetu kila mwisho wa mwezi, na imeingia, kwa miguu yote miwili, katika hesabu za papo kwa papo!

(Shemeji anapiga makofi. Wengine wanamfuata.)

Papo kwa papo maana yake nini? Zamani raia alikuwa anaomba huduma kwetu, na sisi tunajua habari zake mwezi umekwisha, hamu imemtoka, pengine na roho. Leo akibonyeza akiwa kule Bukama, mimi namwona kabla kidole chake hakijainuka! Na siwaletei maneno matupu, ninawaletea statistiki. Wiki hii peke yake tumepokea ziara kumi na moja, asilimia mia moja kutoka Kamina, asilimia mia moja wanawake, na uaminifu wa kurudi ni asilimia mia moja. Sikilizeni hii ya mwisho: kila ziara ilidumu, kwa wastani, saa tatu na nusu. Nionyesheni nchi moja ya Ulaya ambako mgeni anakaa kwenye tovuti saa tatu na nusu!

(Mnong'ono. Mwanamke mwenye karatasi mkononi anasimama katikati ya ukumbi: «Pardon, Chef. Ule mwanamuke wa mara zote kumi na moja, njo minyi.»)

Mama, maswali yatakuja kwenye kipengele cha maswali, ambacho kimefutwa kwa kukosa muda.

(«Minyi Mathilde, bibi ya marehemu Kabuya wa ku reli. Nilikuja ku bureau yenu mara kumi na moja, juu ya acte, cheti ya kuzaliwa ya mutoto wangu Mbombo. Kila mara munaniambia: enda ku site. Dany wa ku cyber alitafuta mpaka akachoka, akasema: Mama, hii adresi haiko. Na ku masomo banafunga liste ya Examen d'État, mutihani ya kumaliza sekondari, leo, saa sita juste. Acte ni hii, Chef. Inabakia muhuri tu, na muhuri iko mu sakoshi yenu.»)

Ndugu zangu, mmemsikia! Huyu ndiye mtumiaji wetu, mwenye mwili na damu! Lakini, Mama, nikikupigia muhuri kwa mkono, nani atakuhesabu? Utaratibu wa karatasi tumeufuta. Rudi nyumbani, omba kwa njia ya tovuti, nasi tutakuona ukiomba.

(«Mutoto wangu alisoma myaka sita na ndala moja,» anasema Mathilde. «Mukinikatalia, munikatalie hapa, bantu bote banaona.» Mzee mmoja wa reli anasimama, anatoa saa mfukoni: «Inabakia dakika kumi na mbili!» Ukumbi mzima: «Piga muhuri! Piga muhuri!» Bibi za wanajeshi wanagonga viti.)

Tafadhali! Tafadhali, utulivu! Mimi ni kiongozi anayesikiliza... Basi, basi. Leteni hiyo karatasi. (Anafungua sakoshi. Anapuliza muhuri. Anapiga.) Na iandikwe kwenye ripoti kwamba saa tano na dakika hamsini, mbele ya mashahidi, Divisheni ya Dijitali imetoa huduma yake ya kwanza papo kwa papo!

(Mathilde hashukuru. Anaichukua karatasi, anaifunga kwenye ncha ya kitenge, anatoka mbio. Mzee wa reli anamfuata, kisha akina mama wa samaki, kisha safu tatu nzima. Kutoka barabarani inasikika: «Pikipiki! Mupishe Mama!» Kisha vigelegele vinavyokwenda upande wa shule.)

Naona umati unakimbia kueneza habari njema. Kwa ninyi mliobaki, wote tisa, tuseme pamoja: Dijitali! (Shemeji: «Juu!») Hesabu! («Juu!») Raia! (Shemeji amekwenda kutafuta maji.)

Namalizia kwa shukrani. Namshukuru karani wetu, Bwana Albert, aliyekaa dirishani wiki nzima na kalamu yake, akiandika kila aliyeingia getini kuulizia tovuti, saa aliyofika na saa aliyochoka, maana bila yeye hizi statistiki zisingepatikana. Nawashukuru mafundi watakaotuletea umeme ofisini, na wale watakaofuata na intaneti. Na kwa namna ya pekee naishukuru mapema kampuni itakayotutengenezea tovuti yenyewe, ambayo bado hatujaitafuta. Isiwe na wasiwasi: wageni wake tumekwisha kuwahesabu.